Wafanyakazi wa nyumbani wakati wa janga: mkataba, hewa na nyumba zilizobaki tupu

Kafyu ya Kenya ya kuzuia korona (UVIKO-19) ilipoanza tarehe 27 Machi 2020, saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri, ratiba za majumbani zilivurugika usiku huo huo. Mpishi aliyezoea kuandaa chakula cha jioni saa mbili alitakiwa awe kwake kabla ya saa moja. Matatu ya abiria 14 iliruhusiwa kubeba 8, na nauli ikapanda. Ndipo waajiri wengi wakatoa sharti: lala hapa hapa, au kaa kwako mpaka tukuite. Msimamizi wa nyumba alishughulikie sharti hilo kabla ya barakoa na vitakasa mikono, kwa sababu linabadilisha mkataba.

Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 10, inataka mabadiliko ya masharti yajadiliwe na mfanyakazi kisha yaandikwe. Ukurasa mmoja unatosha, kwa lugha anayoisoma: analala wapi, anaanza na kumaliza saa ngapi, nani analipia chakula chake, na mpango utaangaliwa upya lini. Kifungu cha 27 kinampa angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba, na hapa ndipo nyumba nyingi hukosea. Nairobi ilifungwa tarehe 6 Aprili na Mombasa tarehe 8, watu wasiingie wala kutoka, zikafunguliwa 7 Julai. Hizo ni karibu wiki 13. Yaya aliyekaa ndani muda wote huo bila siku ya mapumziko anadai siku zipatazo 13, mbali na likizo yake ya mwaka ya siku 21 za kazi. Mwajiri atasema alikuwa akipumzika chumbani. Kukaa chumbani huku mtoto akigonga mlango si mapumziko. Weka daftari, kila Jumapili iandikwe na kutiwa saini na wote wawili, na deni lilipwe kwa siku au kwa pesa kama mlivyokubaliana.

Kuhusu ugonjwa, kifungu cha 30 kinatoa siku 7 za mshahara kamili na 7 za nusu, baada ya miezi miwili ya kazi mfululizo. Jumla ni 14, sawa na karantini ya wakati ule. Nusu mshahara humfanya mtu afiche kikohozi. Ushauri wangu kwa kila mwenye nyumba ni kulipa zote 14 kamili na kutamka hivyo mapema, kabla hajaugua mtu.

Sasa chumba cha wafanyakazi. Nyumba nyingi zilipulizia dawa geti, magari na mifuko ya sokoni, huku watu wawili wakilala katika chumba kidogo chenye dirisha moja linalotazama ukuta. Virusi vya korona huenea zaidi kwa hewa, kwa hiyo fedha ya kwanza iende huko: wavu wa mbu dirishani ili liachwe wazi usiku, feni ya kutoa hewa, na kitanda kimoja kihamishiwe chumba kingine, hata kama ni chumba cha wageni. Mlinzi wa kampuni hubadilishana zamu na wenzake wa malindo mengine, kwa hiyo asiingie jikoni. Apelekewe chakula getini kwa vyombo vyake, na kila mlinzi awe na kalamu yake ya kitabu cha matukio.

Usafi wa kawaida hauhitaji makuu. Jik, dawa ya kung'arisha nguo, yenye klorini asilimia 3.5 huchanganywa sehemu moja kwa sehemu 34 za maji kupata asilimia 0.1. Kwa mchanganyiko wa lita 10, pima mililita 285, kisha ongeza maji mpaka ufike lita 10. Soma lebo kwanza, maana asilimia hutofautiana. Sugua kwa sabuni kabla, kwani uchafu huimaliza nguvu klorini. Iache dakika 10, halafu futa kwa maji, hasa kwenye vyuma. Tengeneza mpya kila siku. Usiipake kwenye marumaru, na usiichanganye kamwe na dawa ya choo yenye asidi: hutoa gesi inayochoma mapafu, na anayeivuta ni mfanyakazi aliyejifungia bafuni.

Halafu kuna nyumba za pwani, Diani na Watamu, ambazo wenyewe walikwama ng'ambo. Ndege za abiria za kimataifa zilisimama kuanzia 25 Machi hadi 1 Agosti, katikati yake masika ikapita. Kila wiki fungua bomba zote, la moto na la baridi, kwa dakika kadhaa, kwani maji yaliyolala huzalisha bakteria wa Legionella, wanaoleta homa ya mapafu. Mimina maji kwenye vitundu vya kutolea maji sakafuni. Mtego wa bomba, yaani maji yanayobaki kwenye kona ya bomba chini ya kitundu, ukikauka, harufu na mende hupanda. Simamisha magodoro, acha kabati wazi. Jenereta iwashwe kila mwezi nusu saa ikiwa imebeba mzigo, maana ikinguruma bure hujaa masizi.

Bwawa la kuogelea usilimwage maji kwa nia ya kubana matumizi. Karibu na bahari maji ya ardhini hupanda wakati wa mvua, na bwawa tupu linaweza kuinuliwa na kupasuka. Punguza saa za pampu, lakini pH, kipimo cha asidi ya maji, ibaki 7.2 hadi 7.6 na klorini miligramu 1 hadi 3 kwa lita.

Mwenye nyumba aliye mbali aache vitu viwili kwa maandishi: kiwango ambacho msimamizi anaweza kutumia bila kuuliza, na mishahara ya miezi mitatu katika akaunti ya nyumba. Tokeni za umeme zitoke kwenye fungu tofauti, ili friji isizimike wakati watu wanasubiri jibu la barua pepe.