Cynthia Cooper: ubingwa wa Houston ulianzia Parma

Ukifungua kumbukumbu za WNBA, ligi ya kulipwa ya kikapu ya wanawake Marekani, utaona kwamba Cynthia Cooper alicheza misimu mitano tu, na wa mwisho, wa mwaka 2003, ulikuwa wa mechi nne. Katika muda huo alitwaa ubingwa mara nne mfululizo na Houston Comets, kuanzia 1997 hadi 2000, na kila fainali yeye ndiye aliyechaguliwa mchezaji bora. Wengi huishia hapo, wakamhesabu kuwa nyota wa muda mfupi. Mimi ni kocha wa kikapu, na naona hesabu hiyo inamdhulumu. Ligi ilipoanza, Juni 1997, Cooper alikuwa na miaka 34. Alichokionyesha Houston kilikuwa mavuno ya zaidi ya miaka kumi ya kazi ambayo Wamarekani wenyewe karibu hawakuiona.

Alizaliwa Chicago mwaka 1963 na kukulia Watts, mtaa wa Los Angeles. Akiwa na Chuo Kikuu cha Southern California alishinda ubingwa wa vyuo mwaka 1983 na 1984, lakini timu ile ilikuwa ya Cheryl Miller na mapacha Pamela na Paula McGee. Cooper alikuwa na kazi ya kukaba, kukimbia na kuwapa wenzake mpira. Hata medali ya dhahabu ya Olimpiki ya Seoul, 1988, haikumfanya awe jina kubwa kwao.

Alipoondoka chuoni mwaka 1986, Marekani haikuwa na ligi ya kulipwa ya wanawake. Akaenda Valencia, Hispania, kisha Parma, Italia, na baadaye Alcamo, kisiwani Sicily. Akajifunza Kiitaliano, akaishi kama mtu wa pale. Na huko ndiko mchezo wake ulikogeuka.

Mchezaji wa kigeni Ulaya haletwi ili asaidie. Nafasi za wageni ni chache, klabu inamlipa kuliko wengine, na kila mtu jukwaani anajua amekuja kufunga. Wapinzani nao wanajua. Akishika mpira anafuatwa na wawili, wa tatu yuko njiani. Mchezaji anayekutana na hali hiyo wiki hadi wiki ama anavunjika moyo ama anajifunza kusoma miguu ya anayemkaba. Cooper alijifunza. Mtazame anavyopunguza mwendo kana kwamba anataka kusimama, beki ananyanyuka kidogo, na papo hapo amekwisha kumpita. Hana mwili mkubwa, ana sentimita 178 tu. Silaha yake ni kubadilisha kasi, tena kwa mkono wowote. Beki aliyechelewa humchezea faulo, na kumpeleka kwenye mitupo huru ni sawa na kumzawadia pointi: katika WNBA alifunga takriban 87 kati ya kila 100.

Houston ilimpata pamoja na Sheryl Swoopes, ambaye ndiye aliyetarajiwa kuwa sura ya timu. Swoopes alijifungua Juni 1997, ligi ikiwa ndiyo kwanza imeanza, na mzigo ukamwangukia Cooper. Julai mwaka huo aliifunga Sacramento pointi 44 katika mechi moja. Alimaliza msimu na wastani wa pointi 22.2, akawa mchezaji bora wa ligi, na 1998 akarudia.

Wakati Swoopes amesharejea, kocha Van Chancellor alikuwa na kitu ambacho sijaona timu nyingi zikikijibu. Cooper anaanza na mpira juu, mwenzake Tina Thompson anamwekea skrini, yaani anasimama njiani kumzuia beki wake. Mabeki wawili wakimfuata Cooper, Thompson anarudi nyuma ya mstari wa pointi tatu akiwa peke yake. Wakibaki na Thompson, Cooper ameshaingia ndani. Akitokea beki wa pembeni kusaidia, Swoopes yuko huru. Uamuzi wote huo ni wa sekunde moja, na aliyekuwa akiufanya alishaufanyia mazoezi mbele ya mabeki wa Italia tangu Thompson akiwa mtoto wa shule. Mwaka 1998 Comets walishinda mechi 27 na kupoteza 3.

Mwaka 1999 ulikuwa mchungu. Februari alifiwa na mama yake kwa saratani ya matiti, na Agosti mwenzake Kim Perrot, mgawa mipira wa timu, akafa kwa saratani ya mapafu. Wiki chache baadaye Comets waliishinda New York Liberty katika fainali. Mimi hupata shida kuueleza ubingwa huo kwa lugha ya mbinu, na sijaribu.

Baadaye akawa kocha, na 2010 akaingizwa kwenye Ukumbi wa Heshima wa Naismith, wa magwiji wa kikapu. Comets yenyewe ilikuwa imekwisha kufungwa tangu 2008.

Ukitaka kumtazama, tafuta mechi ya pili ya fainali ya 1998 dhidi ya Phoenix Mercury. Houston walikuwa wamepoteza ya kwanza, na kipindi cha pili walikuwa nyuma kwa zaidi ya pointi kumi. Usifuate mpira. Fuata miguu ya mabeki wa Phoenix kila Cooper anapopunguza mwendo, mpaka dakika za nyongeza.