Si kweli kwamba ukimtoroka mtoto chekechea atazoea haraka

Kila shule zinapofunguliwa, kwenye magrupu ya wazazi hapa Kigoma unarudi ujumbe uleule: mtoto akishanogewa na mchezo, toroka, ukimuaga unamdekeza.

Si kweli. Mtoto wa miaka mitatu akigeuka akakuta mama hayupo, hajifunzi kuzoea, anajifunza kukuchunga. Jioni hata chooni anakufuata. Kinachomsaidia ni kuagwa kwa ufupi, kila siku kwa namna ileile, na kuambiwa utarudi lini kwa kipimo anachokielewa: "Nakuja mkishalala mchana." Kisha urudi kweli. Chekechea nyingi za Montessori, mfumo ulioanzia Roma mwaka 1907, huanza na saa chache na kuongeza polepole. Mtoto huchagua kazi mwenyewe, kumimina maji kwenye kijagi au kufunga vifungo, na mikono ikishughulika machozi nayo hukauka.

Wanaoutuma ujumbe huo hawana nia mbaya. Aliyetoroka hasikii kilio, anabaki nacho mwalimu. Kwa hiyo muulize yeye: mtoto alilia kwa muda gani baada ya wewe kuondoka, wiki ya kwanza na ya tatu? (Kama hakuna nafuu, kaeni mzungumze.) Ukitumiwa tena ujumbe huo, usiusambaze.