Kompyuta isiyo na intaneti nayo hupata virusi

Hapa Mtwara mjini wengi huamini kompyuta isiyounganishwa intaneti haipati virusi. Si kweli, na imewapotezea watu kazi zao. Virusi husafiri kwa flashi. Unaipeleka steshenari ya Chikongola kuprinti barua. Ukirudi, mafaili hayaonekani, zimebaki aikoni zenye kimshale pembeni. Ukibofya moja, umevikaribisha ndani.

Faiwoli haizuii hilo: yenyewe hulinda mlango wa mtandao. Flashi ni kazi ya antivairasi, yaani programu ya kusaka na kuondoa virusi. Windows 10 na 11 zina antivairasi yake, Microsoft Defender, na faiwoli, bure kabisa, basi tafadhali usizizime. Washa hotspoti ya simu mara kwa mara uisasishe Defender, kisha iskani flashi kabla hujafungua chochote.