Kijiti cha Meno Hakishiki Skrubu, Gundi Ndiyo Inayoshika

Kwa mara nyingine nimeitwa kutazama mlango unaokwaruza sakafu, na kwa mara nyingine, nilipoifungua bawaba ya juu, vikadondoka vijiti vya meno vikavu, vimepondeka, vingine bado na ncha zake. Mwenye nyumba alikuwa ameona kwenye simu kwamba skrubu ikilegea unachomeka vijiti viwili vitatu tunduni, unakaza, basi. Ujanja huo si uongo, kwani hata sisi maseremala tunautumia, na katika matumizi yote ya kijiti cha meno nje ya kinywa sijaona lingine lenye manufaa kuliko hilo. Kinachonikera ni kwamba unasimuliwa nusu, na nusu inayoachwa ndiyo yenye kazi.

Tuanze na mzigo wenyewe. Mlango wa mninga mtupu, wenye unene wa milimita 45 na upana wa sentimita 90, unakaribia kilo 50, na uzito huo unakaa katikati ya ubao, yaani sentimita 45 kutoka kwenye bawaba. Bawaba ya juu na ya chini zikiachana mita moja na nusu, ile ya juu inavutwa kutoka kwenye mwimo, yaani mti wa fremu uliosimama ukutani, kwa nguvu ya takriban kilo 15, huku ya chini ikisukumwa ndani. Ndiyo maana karibu kila mara tundu linalolika ni la juu. Mtoto wa kilo 20 akining'inia kwenye kitasa anaongeza kama kilo 11 nyingine, na watoto wananing'inia. Hata hivyo kilo hizo zikigawanywa kwa skrubu nne ni mzigo mdogo kwa mbao nzima, kwa hiyo skrubu ikianza kuzunguka bure, usiulaumu uzito wa mlango kabla hujamkumbuka aliyeufunga. Wapo mafundi wanaoigongomea skrubu kwa nyundo hadi karibu na kichwa, kisha wanaizungusha bisibisi mara mbili ili mwenye nyumba aone imekazwa. Skrubu ya namna hiyo huchana nyuzi za mbao pande zote, na tundu lake linakuwa bovu tangu siku ya kwanza.

Sasa gundi. Kijiti kikavu kinajaza nafasi, hakiungani na kitu chochote. Meno ya skrubu yanakisaga, mlango unafunguliwa na kufungwa, kinasogea kidogo kidogo, na baada ya muda una tundu lilelile pamoja na takataka ndani yake. Ninachofanya mimi ni kulifuta tundu vumbi kwanza, kutia gundi nyeupe ya mbao hadi ilowe kuta zake, kuvipaka vijiti gundi hiyohiyo, kisha kuvishindilia kwa nyundo ndogo mpaka kisiingie kingine. Kijiti cha kawaida kina unene wa takriban milimita 2, kwa hiyo tundu la skrubu namba 8 (yenye unene wa milimita 4 hivi) lililolika huchukua vitatu au vinne, na kama vimeingia saba, hilo si tundu tena bali ni shimo, linahitaji kipande cha mbao. Ncha ninazikata kwa patasi, ziwe sawasawa na uso wa mwimo. Halafu ninaacha, na hapa ndipo watu wanaponichukia, kwa sababu gundi hiyo inahitaji saa 24 kufikia nguvu yake yote, na mlango unatakiwa usimame bila bawaba hiyo, au uondolewe kabisa, usiku kucha. Kesho yake ninatoboa tundu dogo la kutangulia, jembamba kuliko skrubu, ninaikaza kwa mkono, ninasimama inapogoma. Drili ya umeme inayokaza bila kipimo inalisaga tundu jipya kwa sekunde moja.

Vijiti navyo si sawa. Vya mbao laini vinanyonya gundi vizuri. Vya mianzi, ambavyo ndivyo vimejaa madukani, ni vigumu na vina uso mtelezi, nami huvikwaruza kwa msasa kabla ya kuvipaka.

Kuna jambo ambalo bado linanisumbua. Kanuni ya useremala inasema skrubu inayoingia kufuata urefu wa nyuzi hushika vibaya kuliko inayozikata nyuzi, na vijiti vilivyochomekwa tunduni vyote nyuzi zake zinalala kufuata skrubu. Kwa kanuni hiyo dawa hii ingepaswa kuwa dhaifu, na kipande kilichokatwa ili nyuzi zake zipite upande mmoja na za mwimo kingepaswa kuishinda mbali. Ninaiamini kanuni, na kwenye mlango wa nje ninaifuata. Lakini nimefungua bawaba zilizotiwa vijiti na gundi miaka mingi iliyopita, nikakuta skrubu zimegoma kama mpya. Nadhani vijiti vinajipanua na kuyabana meno ya skrubu dhidi ya ukuta wa zamani, ila hiyo ni dhana yangu, na siwezi kukuapia.

Pale ambapo sina shaka ni kwenye chipibodi, ule ubao wa chembe za mbao zilizogandishwa. Kabati la jikoni lenye bawaba za kikombe, zile za duara zinazozama ndani ya mlango, likilegea, vijiti vinazitanua chembe za ubao na kuupasua zaidi. Hapo ama unahamisha bawaba sentimita chache, ama unagandisha kipande cha mbao halisi kwa nyuma. Ukanda wa pwani nao una ugonjwa wake: kutu ya skrubu ya chuma hula mbao inayoizunguka, ikawa nyeusi na laini kama tende. Ukichomeka kijiti katika mbao hiyo umeongeza mti juu ya uozo, kwa hiyo chimba mpaka ufike kwenye mbao ngumu, ziba kwa kipande, na uweke skrubu isiyoshika kutu. Waliochonga milango ya kale ya Zanzibar na Lamu walijiepusha na shida hii yote, kwani ubao unazungukia kwenye vigingi vyake wenyewe, juu na chini, bila skrubu hata moja.

Matumizi mengine nayapitia haraka: kijiti kinaifikisha gundi ndani ya ufa mwembamba wa kiti, na kinaziba tundu la msumari mdogo. Kwenye vitundu vya jiko la gesi usikitumie, kwa sababu ncha ikikatikia ndani utanitafuta, na mimi si fundi wa majiko.

Na kama tundu lililolika ni la bawaba ya juu ya mlango mzito wa nje, vijiti viwe vya kusaidia tu: katika skrubu nne, moja iwe ya milimita 75, ipite mwimo na kukamata plagi ya skrubu iliyozamishwa ndani ya ukuta wa tofali.