Mvamizi wa Bwawa la Nyumbani na Dhima ya Mwenye Nyumba

Wenye nyumba wengi huamini kwamba mtu aliyeingia uani bila kualikwa na kuogelea katika bwawa lao amejitakia mwenyewe, na kwamba akiumia au kuzama hawawezi kudaiwa chochote. Imani hiyo ina ukweli kiasi inapomhusu mtu mzima aliyeruka ukuta usiku. Inapomhusu mtoto, haina mashiko. Nchini Marekani, tangu Mahakama ya Juu ilipoamua mwaka 1873 kesi ya mtoto aliyejeruhiwa na mtambo wa kuzungushia injini za treni katika eneo la kampuni ya reli, mahakama nyingi zimekubali kwamba mwenye kitu cha hatari kinachovutia watoto anapaswa kuchukua tahadhari hata kwa wale asiowaalika, kwa sababu mtoto huona mchezo pale ambapo mtu mzima huona kina. Uingereza nayo, kwa sheria ya mwaka 1984, humwekea mwenye eneo wajibu, ingawa finyu, kwa wavamizi.

Kibao cha kukataza husaidia, lakini hakimzuii asiyejua kusoma. Kinachomzuia ni uzio wa angalau mita 1.2 wenye lango linalojifunga lenyewe. Tena, na hili wengi hulisahau, ukijua kwamba majirani huingia, nawe ukanyamaza, ukimya wako unaweza kuhesabiwa kuwa ruhusa. Kwa hiyo wakataze kwa maandishi, uhifadhi nakala, na uiulize kampuni yako ya bima kama bwawa limo katika mkataba.