Je, wajua kwa nini korosho za zawadi hulainika hata kabla ya Krismasi?

Desemba ikifika Mtwara na Lindi, korosho mpya zipo kila kona, na zawadi ya mkono inayoheshimika kuliko nyingi ni chupa ya korosho zilizokaangwa nyumbani, ikiwa ndani ya kikapu cha ukili. Lakini korosho zilizokuwa zikivunjika kwa mlio siku ya kukaangwa, tarehe 25 zinatafunika kama muhogo uliolala. Watu hulaumu korosho zenyewe, kwamba ni za msimu uliopita, au husema moto ulikuwa hafifu. Mara nyingi kosa limefanyika baada ya moto: katika kupoza, kutia chumvi na kufunga.

Korosho iliyobanguliwa na kukaushwa vizuri huwa na unyevu usiozidi asilimia 5. Kukaanga huupunguza zaidi, na ukavu huo ndio unaoifanya ivunjike badala ya kupinda. Tatizo ni kwamba kitu kikavu kiasi hicho hunywa maji kutoka hewani, na mwisho wa Novemba hadi Desemba ndipo mvua zinapoanza kusini. Hewa ya Mikindani au Lindi mjini siku hizo ni nzito. Sahani ya korosho iliyoachwa wazi usiku kucha asubuhi imeshalegea.

Chumvi huzidisha mambo. Unyevu wa hewa ukipita asilimia 75, punje ya chumvi huanza kuvuta maji mpaka inayeyuka, ndiyo maana chumvi ya mezani pwani hushikamana ndani ya kopo. Ukiinyunyiza juu ya korosho zilizokwisha kukaangwa, umezivika kitu kinachoita maji. Tena haishiki kwenye korosho kavu, hivyo mpishi huongeza mafuta ili inate, na mafuta hayo ya juu, yaliyotandazwa hewani, ndiyo yanayowahi kuchacha.

Tiba yake ni kutia chumvi kabla ya moto. Kwa nusu kilo ya korosho, yeyusha kijiko kimoja cha chai cha chumvi katika vijiko vitatu vya chakula vya maji ya moto. Mimina, geuzageuza kwa dakika 10 mpaka maji yote yanywewe, kisha tandaza kwenye ungo juani kwa saa moja ukifunika kwa kitambaa chepesi. Kukiwa na mawingu, tumia oveni ya nyuzi 90 kwa robo saa, mlango ukiwa wazi kidogo ili mvuke utoke. Anayetaka ladha ya ndimu aikamulie humo humo kwenye maji ya chumvi. Ndimu inayotiwa mwishoni inarudisha maji uliyohangaika kuyatoa.

Kuhusu korosho za kununua: chagua zilizokwisha kubanguliwa na kumenywa. Ganda la korosho ghafi lina mafuta makali yanayounguza ngozi, na yakishika moto moshi wake huwasha macho na koo. Hiyo ni kazi ya wabanguaji wenye vifaa na uzoefu, na Newala, Tandahimba na Mtwara kuna kina mama wengi wanaoifanya kwa ustadi mkubwa. Bei yake isikushangaze, maana kilo nne hadi tano za korosho ghafi hutoa takriban kilo moja ya korosho safi. Kwa zawadi tafuta nzima za ukubwa mmoja. Alama ya W320 maana yake ni korosho nzima nyeupe 300 hadi 320 katika ratili moja, yaani gramu 454; W240 ni kubwa zaidi. Ukubwa unaofanana si urembo tu. Vipande vikichanganywa na nzima huungua wakati nzima hazijaiva, na vilivyoungua vinatia uchungu chupa yote. Kataa zenye madoa meusi, vitobo vya wadudu au mabaki ya ngozi ya kahawia, kwani ngozi hiyo ina ukakasi.

Sasa moto. Kwenye oveni ni nyuzi 150, korosho zikiwa safu moja, dakika 15 hadi 20, ukigeuza kila baada ya dakika tano. Kwenye jiko la mkaa tumia sufuria nzito na mkaa mchache, ukoroge bila kupumzika kwa dakika 20 hadi 25. Moto mkali hudanganya: nje inakuwa ya dhahabu, ndani bado nyeupe na ina maji. Maji hayo husafiri kuelekea nje zikiwa ndani ya chupa, na baada ya siku mbili korosho zimelegea ingawa kifuniko hakijaguswa. Basi pasua moja katikati uangalie. Rangi ya maziwa yaliyokolea iwe imeenea nusu zote mbili.

Usisubiri ziwe ngumu jikoni. Korosho ya moto huwa laini daima, hukakamaa ikipoa, na wengi huziunguza kwa kutolijua hilo. Vilevile huendelea kuiva kwa joto lake dakika kadhaa baada ya kuepuliwa. Epua zikiwa za dhahabu hafifu na uzimimine papo hapo kwenye trei baridi. Zikibaki kwenye sufuria zitakuwa za kahawia. Pilipili ya unga, tangawizi au mdalasini hutiwa dakika mbili au tatu za mwisho, kwa sababu unga wa viungo huungua na kuwa mchungu mapema. Sukari sishauri kabisa kwa zawadi itakayokaa pwani: nayo hunywa unyevu, na korosho hugeuka donge.

Zipoze kwa saa moja, zisipite mbili, safu moja, mpaka trei yenyewe isiwe na uvuguvugu mkononi. Ukizifunga zingali na joto, mvuke hugeuka matone. Ukiona ukungu ndani ya kioo, zimwage uzipoze tena wakati huo huo.

Chombo bora ni chupa ya kioo yenye kifuniko cha mpira. Ioshe, ianike juani mpaka ikauke kabisa, ijaze hadi shingoni ili hewa ibaki kidogo. Mfuko mwembamba wa plastiki hupitisha unyevu polepole, na kikapu peke yake ni mapambo: kinapumua kila upande. Kwa hiyo chupa ndani ya kikapu. Ukinunua kikapu, kinyanyue kuelekea mwanga uone kama ukili umeshonwa bila mianya. Kilichosukwa kwa majani mabichi hunywea kikikauka na kuachia nafasi, tena harufu yake ya ubichi huhamia kwenye zawadi. Kianike siku mbili kabla ya kukitumia.

Karibu nusu ya uzito wa korosho ni mafuta, na adui zake ni joto, mwanga na hewa. Zilizokaangwa na kufungwa vizuri hudumu wiki tatu hadi nne mahali penye giza. Kwa Krismasi kaanga kati ya tarehe 18 na 21 badala ya kuzimaliza Novemba. Mbichi zitunze kwenye friji. Mzigo ukienda Dar es Salaam kwa basi, ushikwe mkononi, maana kwenye buti joto la safari nzima linatosha kuuharibu. Na andika kwenye lebo kwamba ndani ni korosho pamoja na tarehe ya kukaangwa. Wapo watu ambao miili yao haipatani nazo, na punje moja huweza kuwadhuru sana.

Zilizolegea kwa unyevu tu huokolewa: oveni nyuzi 120, dakika 8 hadi 10, kisha zipozwe upya. Zilizochacha hazirudi. Utazijua kwa harufu kama ya rangi ya kupaka na ladha inayokwaruza koo, na usizichanganye na zisizochacha, kwa kuwa chache tu hutosha kuharibu ladha ya chupa yote.