Je, wajua kwa nini Boeing na Airbus hawajapata mpinzani wa tatu?

Panda ndege uwanja wa JKIA, Nairobi, kwenda Dubai au London, na karibu kila mara utakuwa umeketi ndani ya Boeing ya Marekani au Airbus ya Ulaya. Tangu Boeing ilipommeza mshindani wake McDonnell Douglas mwaka 1997, soko la ndege za viti zaidi ya 150 limekuwa karibu lote la wawili hao. Mbona hakuna wa tatu?

Si kwamba kuunda ndege kumewashinda wengine. Uchina wameshaiunda: C919 ya kampuni ya COMAC iliruka mara ya kwanza Mei 2017, na Mei 2023 ikaanza kubeba abiria kati ya Shanghai na Beijing. Kibarua ni kumpata mnunuzi wa nje.

Muulize mwenye gari Nairobi kwa nini anang'ang'ania Toyota. Atakwambia spea zimejaa Kirinyaga Road na kila fundi anaijua. Mashirika ya ndege nayo hupiga hesabu hiyo hiyo, tena kwa ukali zaidi. Rubani wa Boeing 737 haamki tu akarusha ndege ya aina nyingine. Hurudi darasani, akafanya mazoezi kwenye simuleta, akafanyiwa mtihani, ndipo aina hiyo iandikwe kwenye leseni yake. Fundi anayetia sahihi kwamba ndege iko sawa kuruka naye huidhinishwa kwa aina mahususi. Na kipuri kikichelewa, ndege hulala chini huku pesa za kuikodi zikiendelea kudaiwa.

Halafu kuna vyeti vya kuthibitisha kwamba ndege ni salama. Uchina iliipa C919 cheti Septemba 2022, lakini kufikia 2025 wakaguzi wa Ulaya, EASA, walikuwa bado wanaichunguza, na bila idhini yao mashirika ya Ulaya hayawezi kuirusha. Injini zake zenyewe hutoka CFM, ubia wa GE ya Marekani na Safran ya Ufaransa. Mwaka 2025 Washington ilisimamisha mauzo ya injini hizo kwa wiki kadhaa, kisha ikayaruhusu tena. Mpinzani gani huyo anayeweza kufungiwa bomba na nchi ya mshindani wake?

Wajapani walishindwa kabisa: Mitsubishi ilianza mradi wa SpaceJet 2008 na kuufuta Februari 2023. Bombardier ya Kanada ilitoa ndege nzuri mno, CSeries, ikaelemewa na gharama. Mwaka 2018 Airbus ikachukua usukani wa mradi na kuiita ndege hiyo A220.

Binafsi, ninayemtazama zaidi ni Embraer ya Brazili. Kenya Airways imekuwa ikirusha E190 zake kwa miaka, kwa hiyo marubani na mafundi wanaozijua wako hapa hapa Embakasi. E195-E2, kubwa kuliko zote za Embraer, hufika viti 146, karibu kabisa na soko la wawili hao. Boeing ilitaka kununua asilimia 80 ya kitengo cha ndege za abiria cha Embraer, kisha ikajitoa Aprili 2020.